Kalio la Mkwe na Upapi wa Mashua

Hapo zamani, na si zamani ile ya masultani na majini, ni zamani ya juzi ambayo bado ina watu wa kusutana, palikuwa na mtoto wa siku sita asiye na jina. Kesho yake ilikuwa siku ya saba. Mbuzi wa akika alikwisha fungwa kwenye mpapai, masufuria yalikwisha azimwa kwa majirani, na jina halipo. Si kwamba majina yalikosekana. Yalikuwepo mengi, na kila jina lina mwenyewe, amesimama mlangoni, anadai kwamba ameahidiwa.

Nitakusimulieni ilivyokuwa, kisha mtahukumu nyinyi. Ila naomba mtu asinikate kauli. Mara ya mwisho nilipoisimulia, jamaa mmoja alianza kuhukumu kabla sijafika hata kwenye mashua, tukagombana, chai ikapoa, na watu wakaenda zao.

Haya. Baba wa mtoto huyo aliitwa Faki, mtu wa Mtondooni. Alikuwa mrefu, na mikono yake ilikuwa mirefu kuliko yeye mwenyewe. Akisimama wima, vidole vinakaribia magoti. Mali yake ilikuwa moja, mashua ya tanga aliyoachiwa na babu yake, jina lake Haraka. Jina hilo lilikuwa dua, halikuwa sifa. Haraka ilivusha watu na nazi zao kutoka Mtondooni hadi ng'ambo ya hori, ule mkono wa bahari, sokoni, na mtu akipanda na ndizi mbichi alishuka nazo zimeiva. Lakini ilikuwa chombo kizima. Mkuku mzima, mlingoti mzima, mbao za ubavuni nzima. Kilichooza ni upapi tu, ule ubao mwembamba unaopigwa juu ya ukingo, kuuzunguka wote, ili mtu akikaa asikalie ncha za mbao. Upapi wa Haraka ulikwisha liwa na jua, na chumvi, na makalio ya miaka arobaini. Abiria walikuja na matambara yao ya kukalia, na hakuna aliyelalamika.

Basi Faki akampenda Somoe, binti wa Mzee Ngwali, na Somoe naye akamtaka. Posa ikapelekwa, ikapokelewa, tambuu ikatafunwa. Mzee Ngwali akasema lake dogo tu, kwamba anataka avushwe siku moja na mashua ya huyo mkwe, aone binti yake atakuwa anapandishwa kwenye nini.

Akaja siku ya soko, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Faki akamtandikia tambara. Mzee akalisukuma kwa bakora, akasema mtu wa heshima hakalii tambara. Akakaa juu ya ukingo vivyo hivyo. Walipofika katikati ya hori, wimbi dogo likaja, mashua ikainama kidogo, na Mzee Ngwali akateleza juu ya upapi ule mkongwe kiasi cha shubiri moja. Shubiri moja tu, jamani, lakini ilitosha.

Hakupiga kelele, maana ni mzee. Alisimama tu. Akasimama mpaka ng'ambo, akasimama sokoni, akarudi amesimama mkono umeshika mlingoti. Alasiri ile alilala kifudifudi barazani kwake, mkunga wa kijiji akamchomoa kibanzi cha urefu wa kidole cha kati, na majirani wakaja kumpa pole na kuangalia. Akiwa bado kifudifudi, akatuma aitwe Faki.

"Mwanangu hapandi chombo kisicho na upapi," alisema, anaongea na mkeka. "Leo Jumamosi. Ijumaa baada ya sala nitakuja kukaa mwenyewe, kutoka omo hadi tezi, mbele mpaka nyuma, kulia na kushoto. Nikichomwa hata mara moja, posa yako nitakurudishia, na tambuu yako pia."

Na Mzee Ngwali neno lake likishatoka halirudi ndani. Faki alirudi nyumbani akihesabu siku. Usiombe kumpenda mtu kisha ndoa yako ikategemea kalio la baba yake.

Alfajiri ya Jumapili akawa mlangoni kwa Fundi Vuai. Huyu ndiye seremala wa vyombo wa pale, hodari wa tezo na randa, mfupi wa kimo, na ole wake mtu aliyeutaja ufupi huo. Fundi akasema ana vyombo vitatu vinamngoja, hawezi. Faki akambembeleza, akampigia magoti, na hata alipopiga magoti walikuwa sawasawa. Fundi akasema hawezi. Faki hakuwa na cha kumpa, vyote alivyokuwa navyo vilikwisha ingia kwenye mahari. Akatafuta moyoni, akapata kitu ambacho bado hakuwa nacho.

"Fundi, niwahishie Ijumaa," alisema. "Mtoto wangu wa kwanza, jina utampa wewe. Shika mkono."

Fundi Vuai alikuwa na mabinti saba, na wote saba walipewa majina na mama mkwe wake. Hakuna hata siku moja aliyoulizwa. Macho yakamlengalenga, akashika mkono. Faki akaenda zake akijituliza kwamba mtoto hajazaliwa, mama wa mtoto hajaolewa, na mama wa mtoto haolewi bila upapi, kwa hiyo ahadi iko mbali. Wenyewe tunasema ahadi ni deni, lakini mwenye haja hasikii methali.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika. Mtondooni chombo hakipimwi kwa futi wala kwa kamba. Wazee wale walisema kinachopimwa kwa kamba ni kaburi, na chombo ukikipima hivyo umekiitia mauti. Chombo hupimwa kwa mkono, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, na mkono uwe wa mwenye chombo. Basi Faki akapanda juu ya Haraka, akalaza mkono wake ukingoni, mkono baada ya mkono, huku Fundi Vuai akihesabu. Upande wa kushoto mikono kumi na minne. Upande wa kulia mikono kumi na minne. Jumla ishirini na minane. Faki akavuka kwenda kutafuta misumari, na Fundi akaingia msituni na msumeno.

Fundi akakata mtondoo mzuri, akaupasua, akaupiga randa ukawa laini mpaka nzi akitua anateleza. Siku mbili alifanya kazi hiyo. Akapima mikono ishirini na minane, si zaidi si pungufu. Akapima kwa mkono wa nani? Kwa mkono aliokuja nao.

Jumatano wakaanza kupigilia. Upande wa kushoto ukaenda vizuri, toka omo mpaka tezi. Upande wa kulia wakaanzia tezi, wakaenda, wakaenda, na njiani ubao ukaisha. Bega lote la mbele likabaki wazi. Mashua ikawa kama mtu aliyenyolewa nusu kichwa, kinyozi akaitwa msibani.

Faki akasema ubao umepungua. Fundi akasema ubao haupungui, akaupima upapi wote upya kwa mkono wake, ukatoka ishirini na minane. Faki akaupima kwa wake, ukatoka ishirini na mmoja na nusu. Fundi akapima tena, ishirini na minane. Faki akapima tena, ishirini na mmoja na nusu. Wakaapizana. Kila mmoja alikuwa mkweli na kila mmoja alimwona mwenzake mwongo, na jua likafika utosini wao wapo pale pale wanalaza mikono.

Aliyewaokoa ni Bi Mize, bibi yake Faki, aliyewaletea uji. Alikuwa bibi mkavu, mwenye jicho kali. Akaweka bakuli chini, akawaambia wailaze mikono yao pamoja, kiwiko kwa kiwiko. Wakailaza. Vidole vya Fundi Vuai viliishia kwenye kiganja cha Faki. Fundi akaviangalia muda mrefu, kisha akasema jua la leo ni kali sana.

Basi hapo hapana mti mwingine uliokatwa, na kuutafuta na kuupasua ni siku mbili. Kilichopungua kilikuwa kirefu kama kitanda na kitanda. Na Fundi Vuai aliposema neno hilo, kitanda na kitanda, wote wawili wakamgeukia Bi Mize.

Bi Mize alikuwa na kitanda cha kamba cha zamani, mifumbati yake miwili ya ubavuni ya mti mgumu ambao siku hizi hauonekani. Juu ya kitanda hicho alipokelewa yeye alipokuwa bibi harusi. Juu yake alimzaa baba yake Faki, na juu yake mumewe, Mzee Makungu, alikata roho huku kamshika mkono. Miaka arobaini hakulala pengine. Akasema hapana. Akasema hata akija mfalme, hapana. Faki akamfuata mpaka jikoni.

"Bibi, nipe mifumbati," alisema. "Mtoto wangu wa kwanza, jina utampa wewe. Shika mkono."

 Tangu mumewe afe, hakuna mtoto Mtondooni aliyeitwa Makungu. Alikuwa akilitaja yeye peke yake, kwenye dua, na alijua siku akifa litakuwa halitajwi na mtu. Akashika mkono. Kisha akaingia chumbani, akakifungua kitanda chake mwenyewe, kamba kwa kamba. Usiku ule akalala juu ya jamvi, na matendegu manne yakabaki yamesimama chumbani kama wageni wasiokaribishwa.

Hee, mnadhani imekwisha? Kitanda kimenyooka, na bega la mashua limepinda. Mfumbati wa miaka arobaini ukiulazimisha unapasuka. Ilitakiwa ulowekwe, ulazwe juu ya magogo mawili, uwekwe uzito katikati, na uzito usisogee mpaka mti ukubali. Waliweka mawe, yakabingirika. Waliweka magunia ya nazi, yakateleza. Fundi akasema hapa panataka uzito wenye akili, na katika Mtondooni nzima uzito wa namna hiyo ulikuwa mmoja.

Khatibu, jirani yake Faki, alikuwa mtu mnene kuliko wote pale, na kipaji alichopewa na Mungu ni kukaa. Wengine hukaa ili wapumzike, yeye alipumzika ili akae vizuri. Faki akamwendea, akamkuta amekaa. Akampa mkono, akamwambia yale yale, kwamba mtoto wake wa kwanza jina atampa yeye. Khatibu akauliza kama atahitajika kusimama. Aliposikia hapana, akashika mkono.

Alhamisi, tangu asubuhi mpaka alasiri, Khatibu alikaa juu ya mifumbati ya Bi Mize. Alikunywa chai pale, akala muhogo pale. Jua lilihama likamfuata. Ilipokaribia alasiri mbuzi wake mwenyewe alikuja, akaichukua kofia yake ya viua iliyokuwa juu ya gogo, kofia aliyoshonewa na marehemu mama yake kwa miezi minne, akaanza kuitafuna mbele yake. Khatibu angeinuka, mti ungeruka na kupasuka. Hakuinuka. Aliita jina la mbuzi kwa upole, mara tatu, akaitazama kofia ikiingia yote. Walioshuhudia wanasema machozi yalimtoka, na mti ukapinda.

Jioni ile mifumbati ikapigiliwa begani mwa Haraka, ikakaa barabara. Fundi Vuai akarudi nyuma hatua tatu, akaangalia, akashusha nyundo. Palibaki pengo. Dogo, shubiri moja, pale mfumbati unapokutana na ubao wa mtondoo. Na katika ukingo mzima wa mashua ile, pengo lilikuwa pale pale hasa Mzee Ngwali alipochomwa. Mti umekwisha, vitanda vimekwisha, na Fundi hana nguvu tena. Alimwambia Faki amwombe Mungu mzee aruke hapo, akaenda kulala.

Lakini habari ya shubiri moja ilifika jikoni kwa kina Somoe kabla Fundi hajafika kwake. Mnajua vijiji vyetu. Ijumaa, jua ndiyo kwanza linachomoza, Faki ameketi pwani na pengo lake, akaona mtu anakuja na beseni la nguo, kajifunika buibui juu mpaka chini. Ilikuwa ni Somoe. Na Somoe alikuwa mwari, hatakiwi kuonekana na jua, sembuse na mchumba. Hakukaa. Alitoa mwiko mpya kwenye beseni, mwiko mpana ambao mama yake alimwekea wa kupakulia ubwabwa siku ya harusi, akamtupia.

"Kata," alisema. "Na usimwambie mtu kama nilikuja."

Akarudi na nguo zake hazijaguswa na maji. Hakuomba kitu, na Faki, kwa jinsi alivyochanganyikiwa, safari hiyo hakuahidi kitu. Aliukata mwiko, akaupiga randa, akaupigilia penye pengo. Ulienea hata unywele usingepita.

Baada ya sala ya Ijumaa kijiji kizima kikashuka pwani. Mzee Ngwali akaja na kanzu ile ile, sasa ina kiraka. Akasaidiwa kupanda. Akakaa omo, akashika ukingo kwa mikono miwili, akaanza kujiburuza.  Akapita upande wa kushoto wote, taratibu, anakunja uso kabla ya kila hatua na kuukunjua baada yake. Akazunguka tezi. Akaja upande wa kulia. Alipofika mahali ambapo mashahidi wote walipakumbuka, akasimama, akavuta pumzi, akateleza. Akarudi nyuma. Akateleza tena. Mara ya tatu akacheka.

"Hapa ndipo palipo laini kuliko kote," alisema.

Akaendelea mpaka kwenye mifumbati, na hapo akafumba macho na kukaa kimya, watu wakadhani amekufa. Kumbe amesinzia. Alipoamka akasema nikaha ifungwe leo leo.

Ikafungwa leo leo. Ubwabwa ulipakuliwa kwa kasia, maana mwiko ulitafutwa ukakosekana, na mama yake Somoe aliutafuta mwaka mzima. Na wakati wa kufunga nikaha, mkono wa Faki ukiwa ndani ya mkono wa Mzee Ngwali, mbele ya shehe na mashahidi, mzee akamsogelea, akamwambia kwamba yeye hadai makubwa, anataka tu mtoto wa kwanza ampe jina yeye. Sasa kijana wa watu aseme nini? Mkono wake umeshikwa. Akasema, naam, baba.

Baada ya miezi kumi mtoto akazaliwa, wa kiume, mwenye mapafu ya kulia kijiji kizima kisikie. Siku ya sita wakaja wote. Faki alipowaona wanashuka njia moja, akataka kutokea mlango wa uani, na Somoe akamwambia akae.

Wa kwanza kusema alikuwa Fundi Vuai. Alisema mtoto ataitwa Vuai. Nani aliyeingia msituni? Nani aliyekata, akapasua, akapiga randa? Upapi wa mashua ile mikono ishirini na minane ni kazi yake. Bi Mize akamwambia ni mikono ishirini na mmoja na nusu, na kama angekata sawasawa yeye leo angekuwa na kitanda. Fundi akajibu kwamba hata hiyo ishirini na mmoja na nusu hakuikata mwingine.

Bi Mize akasema mtoto ataitwa Makungu. Wengine walitoa jasho, na jasho ukioga linakwisha. Yeye mwaka mzima analala chini, mgongo unamuuma, na kila abiria anayepanda Haraka anakalia kitanda alichofia mume wake. Khatibu akamwambia, kwa heshima zote, kitanda kilichonyooka kisingefaa kitu penye bega lililopinda.

Khatibu mwenyewe alikuwa na dai fupi. "Nilikaa," alisema. "Kofia ya mama ikaliwa naiona. Nilikaa."

Wakamwambia kila mtu anaweza kukaa. Akawaambia wajaribu. Wakamuuliza, haya, na mtoto utamwita nani? Akasema jina bado analifikiria, na haliwezi kufikiriwa kwa haraka.

Mzee Ngwali akagonga bakora chini. Alisema wote wanasahau mwanzo wa jambo. Upapi ule ulioza miaka, watu wanaweka matambara na kunyamaza. Nani aliyeumia ili uonekane? Bila kalio lake pasingekuwa na mti, wala kitanda, wala kukaa. Mtoto ataitwa Ngwali. Khatibu akasema kama suala ni makalio, lake lilifanya kazi tangu asubuhi mpaka alasiri, na la mzee liliteleza shubiri moja. Mzee akasema lake lilitoka damu. Hapo wakaanza kupima makalio na utu uzima wao, mpaka Faki akaziba masikio.

Mambo yakawa mabaya. Fundi akaenda pwani na nyundo kung'oa ubao wake. Bi Mize akamfuata, anataka mifumbati yake kabla asubuhi haijafika. Khatibu hakuwa na cha kung'oa, akaenda akakaa juu ya mashua isisogee. Mzee Ngwali akatishia kukaa tena na kupata kibanzi kingine. Faki akawarudisha mmoja mmoja, analia kweli, si utani. Chakula chote cha nyumba ile kilitoka kwenye Haraka.

Waliporudi barazani, Somoe akatoka ndani, mtoto kamlaza begani. Akamuuliza mama yake, aliyekuwa anachambua mchele, kama mwiko wa harusi aliwahi kuuona. Mama akasema hakuuona. Akamuuliza Faki. Faki akaangalia vidole vya miguu yake.

"Nyinyi nyote mliahidiwa," Somoe aliwaambia. "Mimi sikuahidiwa, na sikuomba. Nilitoka nikiwa mwari, nikiweka aibu yangu mkononi. Na pale baba aliposema ni laini kuliko kote, alikuwa amekalia mwiko wangu. Mtoto nimemzaa mimi. Jina nitampa mimi."

 Kisha kila mmoja akapata la kusema. Fundi akasema mwiko ni shubiri moja, na yeye ni mikono ishirini na minane. Bi Mize akasema kwa upole kwamba mama ana heshima yake ya kuzaa, hawezi kuchukua na ya wengine. Khatibu akasema asiyeahidiwa hadai. Mzee Ngwali akasema binti aliyetoka nyumba ya baba yake bila ruhusa ashukuru kwamba hilo halizungumzwi. Somoe akawauliza wote wanne, kama shubiri ile ingebaki wazi, huyu mtoto angekuwepo?

Siku ya saba mbuzi akachinjwa. Shehe akauliza jina. Vuai, akasema mmoja. Makungu, akasema mwingine. Ngwali. Bado nafikiri, akasema Khatibu.  Somoe alimwinamia mtoto, akamnong'oneza jina sikioni, hata Faki hakusikia. Akasema atakapopewa haki yake atalisema kwa sauti. Shehe akangoja, nyama ikapoa, wageni wakaanza kutazamana, na mtu mmoja wa nyuma mwenye njaa akasema mwiteni Upapi kwa leo tu, tule. Watu wakacheka, wakanawa mikono, wakala.

Kwa leo tu hiyo sasa ina miaka sitini na mitatu. Cheti changu cha kuzaliwa kimeandikwa Upapi Faki kwa penseli, maana karani aliambiwa ni kwa muda. Nimeoa kwa jina hilo. Wajukuu zangu wanalitaja shuleni na wanachekwa.

Fundi Vuai amekwenda, na Bi Mize, na babu Ngwali, na baba yangu. Khatibu yupo, mzee sana, amekaa, na kila nikimpitia ananiambia karibu atalipata. Haraka nayo ipo, mwiko umo ndani yake, na ni kweli, pale ni laini kuliko kote. Mama yangu alitutoka mwaka juzi. Siku za mwisho nilimwomba aninong'oneze tena lile jina. Akanipapasa shavu, akasema, mwanangu, nilikwambia mara moja, waache watu wahukumu kwanza. Ni kweli aliniambia. Nililisikia, nilikuwa na siku saba, na kila nikilala najaribu kulikumbuka.

Kwa hiyo msinionee huruma mkakosea haki. Mkisema ni Fundi, kesho nitaitwa Vuai. Mkisema ni Bi Mize, nitaitwa Makungu. Mkisema ni mzee, nitaitwa Ngwali, na mkisema ni Khatibu tutaendelea kungoja. Mkisema ni mama, haki itakuwa imefika kwa mwenyewe, na mimi nitabaki Upapi mpaka kaburini.

Chai ile inapoa. Semeni: je, nani alistahili kunipa jina?